Gego la Miaka Sita: Utoto wa Kandokando ya Ziwa na Meno ya Utu Uzima

Wazee wa Kijaluo wenye umri mkubwa, wachache waliobaki katika vijiji vya Homa Bay na Migori, kandokando ya Ziwa Victoria, wana pengo la meno sita ya mbele kwenye taya la chini. Meno hayo hayakuoza. Yaling'olewa walipokuwa vijana wadogo, kwa desturi iliyoitwa nak, kama hatua ya kutoka utotoni. Wapo wanaoieleza kuwa ilikuwa alama ya kabila, na wapo wanaosema ilikuwa tahadhari: mtu akishikwa na pepopunda taya likafunga, apitishiwe uji penye lile pengo. Shule na makanisa, yakiwemo ya Waadventista waliofungua misheni yao Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, yaliipunguza desturi hiyo mpaka ikakoma.

Nimeanza na nak kwa sababu ndani yake mambo yako wazi. Jamii iliamua, mtoto hakuulizwa, na matokeo akayabeba mdomoni mpaka kaburini. Leo hakuna anayemshika kijana na kumng'oa meno ya mbele. Lakini mtazame mtu wa miaka arobaini pale Kisegi, Sori au Ndhiwa anapocheka sana: mara nyingi magego ya nyuma hayapo, moja, mawili, pengine matatu. Mwenyewe atasema yalimuuma akayang'oa. Ukimuuliza yalianza kuuma lini, atarudi nyuma hadi shule ya msingi. Jamii bado inaamua ni meno gani mtoto atabaki nayo. Siku hizi inaamua bila sherehe, kupitia sukari, homa, umbali wa zahanati, na swali la nani amebaki nyumbani kumlea.

Hoja yangu ni hii: hasara ya meno tunayoiona kwa watu wazima wa ukanda huu ilikwishaandikwa, kwa sehemu kubwa, kabla hawajafika darasa la pili, na aliyeiandika ni hali ya nyumba na kijiji walimokulia. Kumlaumu mtu mzima kwa uvivu wa kupiga mswaki ni kumdai deni ambalo hakulikopa.

Tuanze na jino lenyewe. Meno ya utoto huanza kujijenga mtoto akiwa tumboni, yapata mwezi wa nne wa ujauzito. Gego la kwanza la ukubwani huanza kujijenga wakati wa kuzaliwa, na kichwa chake hukamilika mtoto anapokaribia miaka mitatu. Katika muda huo ganda la nje la jino, yaani enameli, huwekwa tabaka juu ya tabaka. Likishakamilika halijengwi tena. Mfupa uliovunjika hujiunga na ngozi iliyochanika hufunga, lakini enameli haina chembe hai za kuirekebisha. Mtoto akipatwa na homa kali za mara kwa mara, akikosa chakula cha kutosha, au akizaliwa na uzito mdogo, kazi hiyo hukatizwa na ganda hutoka na mistari, vishimo au sehemu laini. Jino litaota miaka mitatu baadaye likiwa na udhaifu huo tayari.

Sasa liweke jambo hilo kandokando ya ziwa. Ukanda wa Ziwa Victoria ndio wenye malaria nyingi kuliko sehemu zote za Kenya: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2020 ulikuta vimelea kwa 19% ya watoto wa ukanda huo, huku wastani wa nchi nzima ukiwa 6%. Kila mzazi wa Gwassi au Nyatike anajua usiku wa kumkanda mtoto maji. Anachokosa kuambiwa ni kwamba homa hizo huweza kuacha alama kwenye gego ambalo bado limefichwa ndani ya ufizi. Wala sidhani ni haki kumtaka ajue. Ninalotaka ni kwamba anayepanga bajeti ya vyandarua ajue kwamba analinda pia meno.

Zipo jamii jirani ambako homa hizo zimeleta balaa la namna nyingine. Nchini Uganda huliita ebinyo, na Tanzania watu wengi hulijua kwa jina la meno ya plastiki. Mtoto mchanga anapoharisha na kuchemka, ufizi wake hutazamwa. Vivimbe vyeupe vya machonge ambayo bado hayajaota huonekana kuwa ndiyo ugonjwa, kisha huchokolewa kwa spoku ya baiskeli, kisu au ukucha. Mtoto huweza kupoteza damu, kupata maambukizi, hata kufa. Akipona, machonge ya ukubwani yaliyokuwa chini ya yale ya utoto huota yakiwa yameharibika au yasiote kabisa. Wanaofanya hivyo ni watu wanaompenda mtoto wao, wako mbali na kituo cha afya, na wameona watoto wengi wakifa kwa kuhara. Palipo na maji safi na matibabu ya karibu, imani hiyo hukosa cha kushikilia.

Gego la kwanza la ukubwani huota mtoto akiwa na umri wa takriban miaka sita. Jino hili lina bahati mbaya ya kipekee. Haliotei penye pengo la jino lililong'oka. Huchipua nyuma kabisa, baada ya magego ya utoto, wala hakuna jino linaloanguka kulipisha. Kwa hiyo wazazi wengi hulihesabu kuwa la utoto. Likitoboka mtoto akiwa na miaka minane, husemwa kwamba litang'oka litoke lingine. Halitoki lingine. Kwenye mdomo wa mtu mzima aliyepoteza meno, pengo la kwanza mara nyingi ni la jino hilo, na likishaondoka jirani zake huanza kuinama kuelekea pengo, chakula hukwama, na safari ya meno mengine huanza hapo. Tena mtoto ambaye meno yake ya utoto yalioza ana uwezekano mkubwa wa kuharibikiwa na ya ukubwani, kwa kuwa mdomo ni uleule, bakteria ni wale wale, na nyumba ni ile ile.

Kenya ina takwimu za kuonyesha ukubwa wa jambo. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulikuta karibu robo ya watoto na thuluthi ya watu wazima wakiwa na meno yaliyooza. Kwa watoto wa miaka mitano peke yao ilikuwa karibu nusu. Damu ya fizi ilionekana kwa 98% ya watu wazima waliochunguzwa. Namba hizi zinatuambia hali ilivyo siku ile ya uchunguzi. Hazituambii mtoto wa leo atakuwa nani baada ya miaka ishirini. Kwa swali hilo inabidi tuwafuate watu wale wale maisha yao yote, na kazi hiyo imefanywa vizuri sana New Zealand.

Katika mji wa Dunedin watafiti waliwachukua watoto 1,037 waliozaliwa kati ya mwaka 1972 na 1973, wakaendelea kuwaita na kuwapima mpaka wakawa watu wa makamo. Mwaka 2002 Richie Poulton na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet walichokiona watu hao walipofika miaka 26. Waliokulia katika familia za kipato cha chini walikuwa na meno mengi zaidi yaliyooza na fizi zenye ugonjwa zaidi kuliko waliokulia katika familia zenye nafasi. Hilo halishangazi. La kushangaza ni kwamba waliokulia katika ufukara kisha wakapanda, wakapata kazi nzuri na mshahara, bado walionekana kuwa na afya mbaya ya meno kuliko wenzao ambao hawakuwahi kushuka. Mshahara wa ukubwani haukuweza kukomboa utoto.

Mfikirie kijana wa Nyatike aliyesoma kwa shida, akafika chuo kikuu, leo ni mhasibu Nairobi na mwajiri wake anamlipia bima inayogharamia kuziba meno. Bima hiyo imefika ilhali gego lake la kushoto liling'olewa zamani, akiwa darasa la sita. Hakuna cha kuziba.

New Zealand, tena, haikuwa nchi iliyowatelekeza watoto wake. Tangu mwaka 1921 ilikuwa imefundisha wauguzi wa meno waliokaa shuleni kabisa, wakiwaziba watoto meno bila malipo. Pengo kati ya matajiri na maskini likabaki hata hivyo. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani kliniki peke yake itamaliza kazi. Kliniki ni lazima, lakini jino huozea nyumbani.

Hapa pana kikwazo ambacho mchambuzi mwaminifu hawezi kukiruka. Kama ufukara ndio unaoozesha meno, kwa nini bibi zetu, waliokuwa maskini wa fedha kuliko sisi, walizeeka na meno yao? Katika miaka ya 1980 Firoze Manji, Vibeke Baelum na Ole Fejerskov waliwachunguza watu zaidi ya elfu moja wa vijijini Machakos, wenye umri wa miaka 15 hadi 65. Walikuta utando mwingi kwenye meno na fizi zenye damu, mambo ambayo vitabu vya Ulaya vilisema yangewaacha vibogoyo. Lakini wengi wao walikuwa na karibu meno yote. Ugonjwa mkali wa fizi ulijikusanya kwa wachache, na kwa wale waliopoteza meno, kuoza ndiko kulikoongoza.

Jibu liko kwenye sukari. Ufukara wa zamani ulikuwa wa wimbi, mtama, samaki, maziwa ya mgando na mboga chungu, na katika ufukara huo bakteria wa mdomoni hawakuwa na cha kula. Sukari ilikuwa kitu cha wenye pesa, na miongo michache iliyopita ungeweza kukuta watoto wa mjini wenye baba waliosoma wakiwa na meno mabovu kuliko binamu zao wa kijijini. Kisha sukari ikashuka bei na kufika kila duka, huku dawa ya meno yenye floridi na daktari wa meno vikibaki kwa wenye nacho. Mambo yakageuka. Leo aliye hatarini zaidi ni mtoto anayepata sukari ya kisasa bila kinga ya kisasa.

Ushahidi kwamba sukari ndiyo injini ni wa zamani na ni mzito. Nchini Japani, vita vya pili vya dunia viliposhusha matumizi ya sukari kutoka takriban kilo 15 kwa mtu kwa mwaka hadi chini ya kilo 1 mwaka 1946, kuoza kwa meno ya watoto kulishuka, na sukari iliporejea kuoza kukarejea. Wajapani hawakujifunza kupiga mswaki vizuri zaidi wakati mabomu yakianguka. Kwa sababu hiyo, mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi 10% ya nishati ya mtu kwa siku, na ikiwezekana ishuke chini ya 5%.

Homa Bay na Migori haziko mbali na sukari, zinaitengeneza. Kiwanda cha South Nyanza, ambacho kila mtu hukiita Sony, kimekuwa Awendo tangu mwaka 1979, na Ndhiwa nayo ina kiwanda chake. Mashamba ya miwa yamechukua ardhi iliyokuwa ya chakula, na mkulima husubiri miezi mingi kabla ya malipo. Muwa wenyewe si tatizo kubwa: hutafunwa kwa msimu, na utafunaji hutoa mate mengi yanayoosha mdomo. Tatizo ni sukari ya pakiti. Chai ya rangi asubuhi na vijiko vitatu, mandazi, uji uliokolezwa, pipi ya shilingi chache baada ya shule, soda siku ya harambee, chai tena jioni kabla ya kulala. Kila sukari inapopita mdomoni, bakteria hutengeneza asidi kwa karibu nusu saa. Kwa hiyo idadi ya mara huumiza kuliko uzito wa kijiko, na ile ya jioni ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa usingizini mate hupungua.

Na kwa nini chai? Kwa sababu chai yenye sukari ndicho chakula cha bei nafuu kinachotuliza njaa ya mtoto kwa saa chache. Mama anayetoka alfajiri kwenda ufukweni kuchuuza omena, wale dagaa wa ziwani, hana muda wa kupika nyoyo ya mahindi na maharagwe asubuhi. Uvuvi wa omena hufungwa kila mwaka kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazaliane, na miezi hiyo nyumba nyingi za ufukweni huishi kwa mkopo wa duka. Dukani hukopi samaki wala maziwa. Kinachokopwa ni unga, sukari na majani ya chai. Omena wenyewe, samaki anayeliwa na mifupa yake na kumpa mtoto madini ya kujenga meno, sehemu yao kubwa sasa hupakiwa magunia kwenda viwanda vya chakula cha kuku. Mtoto wa ziwani anawaona samaki wakipita kwenye lori. Kule machimbo ya dhahabu ya Nyatike hali inafanana: pesa huja kwa ghafla na kuondoka kwa ghafla, na kinachopatikana karibu na shimo ni soda na mkate.

Nikisoma vipeperushi vya afya vinavyomwambia mama huyu apunguze vitu vitamu, nasikitika. Vimeandikwa kana kwamba anachagua kati ya tunda na pipi.

Halafu kuna swali la nani yuko nyumbani. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta maambukizi ya virusi vya UKIMWI kwa watu wazima wa Homa Bay yamefika 19.6%, ya juu kuliko kaunti zote za Kenya, na Migori nayo ilikuwa miongoni mwa kaunti za mbele. Kabla ya dawa kufika, kizazi kizima cha wazazi kiliondoka. Madaktari Wasio na Mipaka walianza kutoa dawa za kupunguza makali katika hospitali ya Homa Bay mwaka 2001, lakini wakati huo watoto wengi walikuwa wameshahamia kwa dani, bibi yao. Huko Karungu, hospitali ya misheni ya St Camillus ilijenga makazi ya Dala Kiye kwa ajili ya mayatima. Watoto wale wa miaka ya 1990 na 2000 ndio watu wazima wa leo. Bibi mwenye miaka sabini anayelea wajukuu watano huwapa kwanza chakula, kisha karo, kisha sare. Mswaki unakuja nyuma sana, na ukija ni mmoja wa kushirikiana. Wala bibi mwenyewe hakukulia na sukari, kwa hiyo hakurithi desturi ya kujikinga nayo. Ujuzi wake wa ulezi ni mkubwa, ila ulitengenezwa kwa chakula kingine.

Mtoto aliyezaliwa na virusi hivyo alikuwa na mzigo wa ziada ambao haukuzungumzwa vya kutosha. Utando mweupe wa kinywani na vidonda vya fizi humfanya ashindwe kutafuna. Dawa za maji alizomeza kila siku kwa miaka, kama ile ya kuzuia nimonia, zilitiwa sukari ili azikubali, na mara nyingi zilitolewa usiku. Zilimwokoa maisha, na hakuna aliye na akili timamu atakayesema zisingetolewa. Lakini ilikuwa rahisi kumwambia mlezi ampe mtoto maji ya kusuuza kinywa baada ya dawa.

Meno yanapoanza kuuma, ndipo umbali unapoingia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2022 kwamba kanda ya Afrika ina daktari wa meno 0.33 kwa kila watu 10,000, yaani mmoja kwa watu 30,000, takriban sehemu moja ya kumi ya wastani wa dunia. Na hao wachache wamejazana mijini. Zahanati ya kijijini ina muuguzi mwenye panadol na antibayotiki. Kutoka vijiji vya Gwassi au kisiwani Mfangano hadi penye kiti cha meno ni nauli ya boti au bodaboda, na siku nzima ya kazi iliyopotea. Kwa hiyo mtoto hupelekwa akiwa amevimba shavu. Kufikia hapo jino haliwezi kuzibwa kwa gharama ambayo familia inaimudu, basi linang'olewa. Mtoto anajifunza somo atakalolibeba maisha yote: kwa daktari wa meno huendi mpaka uumwe, na ukienda unarudi na pengo. Akiwa mzazi, atamfundisha mwanawe hivyo hivyo. Wengine humwendea fundi wa sokoni asiye na ganzi wala vifaa vilivyochemshwa, na hatari inayofuata kila mtu anaijua.

Namna hii, utoto unafanya kazi kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Unaharibu jino lenyewe, na unajenga mtazamo wa mtu juu ya meno. Njia ya pili naiona kuwa ngumu zaidi kuiponya, kwa kuwa hujificha kwenye jina la tabia, na tabia hulaumiwa.

Kuhusu floridi nitasema kwa kifupi, kwa sababu hapa sera za Nairobi huweza kudhuru zikiyaona maji ya nchi nzima kuwa sawa. Kenya ina maeneo mengi ambako maji yana floridi kupita kiasi, na ule uchunguzi wa 2015 ulikuta meno yenye madoa ya floridi kwa takriban watoto wanne kati ya kumi. Bonde la Ufa ndilo maarufu kwa hilo. Maji ya Ziwa Victoria, kinyume chake, yana floridi kidogo, na wanaoyanywa hawapati kinga yoyote. Lakini Mlima Homa na vilima vya Gwassi ni mabaki ya volkano, na visima katika miamba ya namna hiyo vinapaswa kupimwa kimoja kimoja. Kiwango cha juu kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita. Kwa wanaotumia maji ya ziwa, dawa ya meno yenye floridi ndiyo kinga ya pekee iliyo karibu. Mswaki wa mti husafisha vizuri ukitumiwa kwa uangalifu, nami sitaudharau, ila hauna floridi.

Nini basi kinaweza kufanyika kabla gego la miaka sita halijatoboka? Kwa bahati njema, sehemu ya jibu ilibuniwa hapa hapa Afrika Mashariki. Katikati ya miaka ya 1980, nchini Tanzania, Mholanzi Jo Frencken na wenzake walianza kuziba meno bila mashine, bila umeme na mara nyingi bila ganzi. Sehemu iliyooza hukwanguliwa kwa kifaa cha mkono, kisha tundu huzibwa kwa saruji ya meno inayojishika yenyewe na kutoa floridi. Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa ulimwengu mwaka 1994. Ipo pia dawa ya matone yenye madini ya fedha na floridi: hupakwa kwenye tundu kwa kibrashi, uozo husimama, na doa jeusi hubaki. Mwaka 2021 dawa hiyo, saruji ile na dawa ya meno yenye floridi viliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya shirika hilo. Kazi hii haihitaji daktari bingwa. Kenya inawafundisha maafisa wa afya ya kinywa wa jamii, na afisa mmoja mwenye mkoba na pikipiki anaweza kuzunguka shule za tarafa nzima.

Kabla ya kuziba kuna kukinga, na hapo Ufilipino imetuonyesha njia. Tangu mwaka 2007 shule nyingi za msingi huko zimeunganisha mambo matatu ya kila siku na ya kila mwaka: watoto hunawa mikono kwa sabuni pamoja, hupiga mswaki pamoja kwa dawa yenye floridi, na hupewa dawa ya minyoo mara mbili kwa mwaka. Mwalimu anasimamia, si daktari. Uskoti ilianza mpango wa kufanana na huo katika shule za chekechea mwaka 2006, na watoto waliofaidika zaidi walikuwa wa mitaa maskini. Sisi tayari tuna nusu ya mpango. Dawa ya minyoo hutolewa shuleni kote magharibi mwa Kenya, na kandokando ya ziwa huongezwa ya kichocho. Mtoto ameshapanga foleni, mwalimu ana orodha ya majina. Kinachokosekana ni mswaki wenye jina la mtoto na tone la dawa.

Naipenda njia hii kwa sababu haimwulizi mtoto analelewa na nani. Yatima wa Karungu na mtoto wa mwalimu mkuu wanasimama kwenye bomba moja na kupata floridi ile ile. Mashauri ya afya ya kinywa yanayotolewa kliniki huwafikia kwanza wenye uwezo wa kuyafuata, na kwa hiyo hupanua pengo hata yanapoongeza maarifa.

Iko sehemu ambayo shule haiwezi kuigusa, nayo ni bei ya sukari. Afrika Kusini ilianza mwezi Aprili 2018 kutoza vinywaji kulingana na gramu za sukari zilizomo, na watengenezaji wakapunguza sukari ili kukwepa kodi. Kenya hutoza soda kwa lita, kwa hiyo kampuni haipati faida yoyote kwa kupunguza kijiko. Na kupitia Sheria ya Sukari ya mwaka 2024, Kenya imerudisha ushuru wa maendeleo ya sukari, 4% ya thamani. Fedha hizo zimegawanywa kwa viwanda, utafiti, miche ya miwa, barabara za mashambani, uendeshaji wa bodi na vyama vya wakulima. Wakulima wa Awendo na Ndhiwa wanazistahili. Wamecheleweshewa malipo kwa miaka mingi. Lakini barabara ile ile inayobeba miwa ndiyo inayorudisha sukari dukani, na watoto wa wakulima hao hao ndio wanaoinunua. Sehemu ndogo ya ushuru huo, ikipewa kaunti za miwa kwa ajili ya miswaki ya shule na maafisa wa kuzunguka, isingemnyima mkulima chochote cha maana.

Katiba ya mwaka 2010 katika kifungu cha 53 inampa kila mtoto haki ya lishe, makazi na huduma za afya, na tangu 2013 kazi ya afya imekuwa mikononi mwa kaunti. Mamlaka ya Afya ya Jamii iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024 inamwandikisha mtoto kupitia mzazi au mlezi, kwa hiyo bibi asiye na karatasi za kuthibitisha ulezi hujikuta tena mwisho wa foleni. Madiwani wa Homa Bay na Migori hawahitaji kusubiri Nairobi kulitatua hilo, wala kuwalipa maafisa wawili au watatu kwa kila kaunti ndogo. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai. Watoto watakaoingia gredi ya kwanza Januari ijayo tayari gego lao la kwanza linasukuma ufizi, na muda wa kulipaka dawa likiwa bado zima ni kati ya muhula huo wa Januari na mwisho wa gredi ya pili.